Ukipona saratani utotoni, mifupa bado inakudai

Siku daktari anapotangaza kwamba mtoto amemaliza dawa, nyumbani vigelegele vinapigwa, kuku anachinjwa, na kuanzia hapo mtoto anageuzwa yai. Asikimbie. Asipande kilima. Asiguse ndoo ya maji. Mimi nilitibiwa leukemia, saratani ya damu, nikiwa bado shule ya msingi, na niliporudi Bukavu mama mdogo alikuwa akinisindikiza hadi chooni. Shuleni nilipewa ruhusa ya kudumu ya kukaa kivulini wenzangu wakicheza. Sina kinyongo na mtu, walinipenda. Ila mapenzi ya namna hiyo yanamalizia kazi iliyoanzwa na dawa.

Maana mifupa hailiwi na ugonjwa peke yake. Matibabu ya leukemia ya watoto yanategemea sana prednisoni na deksamethasoni, zile dawa zinazovimbisha uso na kumfanya mtoto aamke usiku wa manane kudai chakula. Zinaua seli za saratani, lakini zinazuia pia seli zinazojenga mfupa. Methotrekseti, dawa nyingine ya saratani, inaongezea hapo. Halafu kuna ile miezi ya kulala kitandani, kutapika, kutoliona jua. Waliopigwa mionzi ya kichwa wanaweza kupungukiwa homoni ya kukua, nayo ina mkono wake katika mifupa. Na yote haya yanatokea wakati mbaya: mwili wa binadamu unakuwa umeshaweka karibu 90% ya akiba yake ya mfupa kufikia umri wa miaka 18 hadi 20. Mtoto aliyeugua akiwa na miaka 10 amepoteza sehemu ya msimu wa kuweka akiba. Habari njema ni kwamba msimu huo haujafungwa, na mifupa ya wengi hurudi vizuri, hasa ikitumikishwa.

Kutumikishwa ndiyo hoja yangu yote. Mfupa hukua pale unapopigwa na uzito. Wachezaji wa tenisi walioanza wadogo wana mfupa mnene zaidi kwenye mkono wanaoshikia raketi kuliko mkono mwingine, ingawa damu ni ile ile na chakula ni kile kile. Kwa hiyo tafuta mchezo unaokusimamisha kwa miguu na kukutua chini: kutembea haraka, ngazi, kukimbia, kucheza dansi, kuruka kamba. Kuogelea ziwani Kivu ni kuzuri kwa moyo na mapafu, baiskeli pia, lakini maji yanakubeba na kiti cha baiskeli kinakubeba, mifupa haipati kazi ya kutosha.

Sisi wasichana wa Kongo tuna dawa yetu tayari, nayo ni nzango. Mistari miwili inatazamana, makofi, wimbo, wawili wanaruka mbele ya wenzao na kila mmoja anatupa mguu wakati wa kutua. Mguu uliotupa ukilinganishwa na wa mwenzako ndio unaoamua pointi ni ya nani. Tazama mtoto wa miaka 11 akicheza mapumziko mazima, hesabu anatua chini mara ngapi. Ukimwomba mtaalamu yeyote akutungie zoezi la mifupa ataandika kitu kinachofanana na hicho, na wala hakitafurahisha nusu yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Nzango inajaza hizo siku 3 bila mtu kuangalia saa. Wavulana wana mpira, sina wasiwasi nao.

Lakini mimi sikuanzia hapo, na wewe usimwanzishe mtoto wako hapo. Vinkristini, dawa nyingine ya saratani, ilikuwa imenichezea mishipa ya fahamu: nyayo zimekufa ganzi, vidole vya miguu vinaburuza, najikwaa kwenye sakafu isiyo na kitu. Kine wangu, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu wa maneno machache, alinipa kazi ambazo niliziona za kitoto. Kusimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, mkono mmoja ukutani. Kuinuka kwa ncha za vidole nikishika fremu ya mlango, kisha kushuka polepole, polepole zaidi ya ninavyotaka. Kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Baadaye ngazi. Baadaye mruko mdogo wa papo hapo, kiasi cha karatasi kupita chini ya kisigino. Kamba ilikuja mwisho, na nzango baada ya kamba. Mpangilio huo una maana: asiyeweza kusimama imara ataanguka, na mfupa dhaifu ukianguka unavunjika.

Mji wetu unasaidia, ukiutaka. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na huwezi kwenda popote bila kupanda na kushuka. Badala ya motari, mtu wa pikipiki, kukufikisha mlangoni, mwambie akushushe chini ya mteremko, umalizie kwa miguu. Viatu vifunike kisigino, sandali za kuvutavuta achana nazo kabisa kama nyayo zina ganzi. Siku ya mvua, udongo wa Kadutu unateleza kama sabuni, siku hiyo fanya mazoezi ndani. Na mizigo mizito ya mgongoni, ile ya kamba kwenye paji la uso, siyo mazoezi ya mtoto yeyote, aliyeugua au asiyeugua.

Sasa mambo ambayo hayahitaji ujasiri. Maumivu ya nyonga, kinena au goti yasiyoisha, au kuchechemea bila kuumia popote, simamisha miruko na uende hospitali. Dawa zile za kuvimbisha uso zinaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa hadi kikafa na kuporomoka, na vijana waliotibiwa wakiwa na zaidi ya miaka 10 ndio wanaopatwa zaidi. Picha ya eksirei ya mwanzoni inaweza kutoka safi kabisa wakati tatizo lipo. MRI, picha ya mashine ya sumaku, ndiyo inayoona mapema. Usikubali kuambiwa ni uvivu. Maumivu makali ya mgongo yaliyokuja ghafla nayo ni vivyo hivyo, pingili inaweza kuwa imebonyea. Aliyepewa doksorubisini, dawa ya saratani inayoweza kuumiza moyo, apimwe moyo kabla ya kuingia timu ya mashindano. Aliyebaki na figo moja aulize kwanza kuhusu michezo ya kugongana. Mtoto ambaye bado yuko kwenye dawa ana sheria zake, hasa chembe za kugandisha damu zikiwa chini, hayo ni ya daktari wake.

Wasichana, hili tunaoneana aibu kulisema: ukifika miaka 15 hujaona hedhi, au ilikuja ikakata, mwambie daktari. Homoni inayoleta hedhi ndiyo hiyo hiyo inayolinda mifupa.

Chakula. Kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji kalsiamu miligramu 1,300 kwa siku, na kikombe cha maziwa kinatoa takriban 300. Maziwa kila siku ni gharama, najua. Ndiyo maana nawatetea sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Ukinunua wabichi au wakavu, wapike uwale wazima, na vichwa na miiba, maana kalsiamu iko kwenye miiba. Ukiwatoa vichwa kwa ajili ya kuonekana mstaarabu umetupa ulichonunua. Mashanza, yaani maziwa ya mgando, ni nzuri. Jibini ya Masisi ikipatikana, nzuri pia. Sombe (majani ya muhogo) na maharagwe endeleeni navyo. Lenga-lenga, yaani mchicha, ina kalsiamu, ila mwili hauifyonzi vizuri, usiitegemee peke yake. Jua tunalo, mtoto atoke nje mikono ikiwa wazi. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D visinunuliwe kienyeji, vikizidi vinaumiza figo. Pombe na sigara zinakula mfupa, basi.

La mwisho ni karatasi. Kabla hujaondoka mahali ulipotibiwa, omba waandike majina ya dawa zote ulizopewa, jumla ya dozi, na kama ulipigwa mionzi, sehemu gani ya mwili. Piga picha ya karatasi hiyo, itume kwenye simu ya mama, ya kaka na ya rafiki mmoja anayeishi mji mwingine. Watu wamehama kwa haraka huku kwetu, mafaili yamebaki nyuma. Daktari mpya akijua ulipata nini na kiasi gani, ataweza kuamua kama unahitaji kupimwa uzito wa mifupa, moyo, au vyote viwili, na kama kine akuruhusu kuruka wiki hii au asubiri.