Jibu la swali la wiki: Dawa ni zilezile, tofauti iko benchini

Swali la wiki hii liliuliza kama namna kliniki inavyoendeshwa inaweza kumfanya mwanaume mwenye uhusiano na wanaume wenzake adumu kwenye dawa za kufubaza VVU au aziache. Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya mafaili ya kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu huiita CTC, hapa mkoani Tabora, na jibu langu ni ndiyo, ila jengo la pekee, yaani kliniki ya wanaume hao tu, silo ninalolitetea.

Dawa zenyewe si kikwazo kikubwa tena. Zinatolewa bure, tangu 2016 anayekutwa na virusi huanzishiwa bila kusubiri kinga ishuke, na wengi sasa humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir, ambacho hakina kile kizunguzungu cha efavirenz tulichokuwa tukilalamikiwa kila siku. Kinachomshinda mtu ni kuzifuata.

Namkumbuka kijana mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akipanda basi kutoka Urambo kila mwezi kuja mjini Tabora, ilhali kituo cha karibu na kwao kilikuwa na kopo lilelile la dawa. Kule kwao muuguzi alikuwa jirani wa mama yake. Kwetu siku ya kliniki ilikuwa moja kwa wiki, kwa hiyo alikaa benchini tangu asubuhi, uso kauelekeza ukutani, na akifika mezani alitakiwa ataje msaidizi wake wa matibabu na amlete mwenza apimwe. Kwa mwanaume ambaye mwenza wake ni mwanaume, katika nchi ambayo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafikia kifungo cha maisha, swali hilo halina jibu la kweli lisilo na hatari. Mara ya kwanza alimtaja dada yake. Mara ya pili mhudumu alimuuliza kwa sauti, "Mkeo yuko wapi?", na benchi zima likageuka. Mwezi uliofuata hakuja, wala uliofuata huo. (Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalazimisha usiri, lakini sheria haikai benchini.)

Aliyemrudisha ni mwelimishaji rika, mtu aliyejua pa kumpata bila kuuliza majirani. Tukakubaliana aje saa tisa alasiri, foleni ikiwa imekwisha, na wingi wa virusi uliposhuka akaanza kupewa dawa za miezi 3 kwa mkupuo. Safari 12 kwa mwaka zikawa 4. Alilijaza kopo pamba ili vidonge visilie kama manyanga ndani ya basi. Nilimsihi tu asivihamishie kwenye mfuko wa nailoni, kwa kuwa unyevu huviharibu.

Sasa kuhusu jengo la pekee. Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za VVU katika vituo 40 vya mashirika vilivyohudumia makundi maalumu, wakiwamo wanaume hao, na waliolalamika wakati ule walikuwa na haki, kwani kule mtu hakulazimika kujieleza. Hata hivyo, katika mji ambao watu wanajuana kuanzia Isevya hadi Ng'ambo, mlango unaojulikana ni wa nani humtangaza kila anayeuingia. Ningechagua CTC ya kawaida, yenye watu wa kila aina, na ndani yake mtumishi aliyefunzwa na mwelimishaji rika anayelipwa. Hapo kwenye malipo ndipo tulipo dhaifu: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi kazi ya watu hao ilivyoning'inia kwenye fedha za miradi.

Jambo moja halihitaji mfadhili hata kidogo. Utafiti wa PARTNER2 wa Ulaya, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia wanaume 782 wenye VVU waliofubaza virusi pamoja na wapenzi wao wanaume wasio na VVU, na hakuna aliyeambukizwa na mwenza wake. Yule fundi alikuwa ametumia dawa zaidi ya mwaka bila mtu kumweleza hilo, kwa sababu kila alipofika mezani muda wote uliishia kwenye habari za mke asiyekuwapo. Siku hizi nikiwa mezani huuliza tu, tena kwa sauti ya chini: "Nani nyumbani anajua kwamba unameza dawa?" Akisema hakuna, naandika hakuna, kisha tunaendelea na tarehe ya kurudi.