Roboti ya WhatsApp na saa zetu: dada wa Bagamoyo, usilipe kabla hujasoma hapa

Usitume hiyo pesa. Kama umeshatuma nusu, iliyobaki iache kwenye simu mpaka umalize kusoma.

Umeandika kwamba una vyumba sita Bagamoyo, unapeleka wageni kwa boti kuangalia mikoko, na kuna kijana amekuahidi roboti ya akili mnemba itakayojibu WhatsApp usiku na mchana, ithibitishe nafasi na kupokea malipo yenyewe, ili binti wa mapokezi umuage mwisho wa mwezi. Umeuliza kampuni ipi nzuri, bei ipi ni ya haki, na kama roboti hiyo hiyo inaweza kukutengenezea picha na video za matangazo. Waliotangulia kukujibu wanabishana kati ya ChatGPT, Gemini na DeepSeek ipi ina akili zaidi. Kurasa mbili za ubishi, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza: nani atasoma saa kabla haijamfikia mgeni?

Mimi niko Tanga. Natembeza wageni mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, kisiwa cha Toten, lakini safari inayolisha nyumba yangu ni Maziwe. Kwa asiyepajua, Maziwe ni fungu la mchanga baharini, mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Miti ikaisha, bahari ikakila, na leo kinaonekana maji yakipwa tu. Maji yakijaa, hasa ya bamvua, yaani yale makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, kinazama chote, unaona bahari tupu. Kwa hiyo kazi yangu yote ni saa. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kisha kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache.

Sasa jiulize: saa yetu na saa ya Kizungu zinapishana saa ngapi? Sita. Yaani mashine ikikosea saa ya Kiswahili, haikosei kidogo. Inamchukua mgeni kutoka maji kupwa inamtupa kwenye maji kujaa.

Mwaka jana nililipa shilingi 850,000 za kufunga roboti, na 120,000 kila mwezi. Aliyeniuzia nilimpata kwenye semina. Alikuwa na laptopu nzuri na maneno mazuri zaidi. Alinifungulia roboti mbele yangu, ikasema "Karibu sana mgeni wetu mpendwa, tunafurahi kukuhudumia", Kiswahili kimenyooka kuliko changu, nikaona basi, hii imefika. Nikaipa orodha yangu ya bei na jedwali la maji lililoandikwa kwa saa 24, kama yanavyoandikwa yote. Nilimuuliza mara mbili: Kiswahili inakijua? Akanijibu, "Bosi, hii inajua lugha zote, wewe lala, pesa iingie." Neno hilo, wewe lala, bado linaniuma mpaka leo.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wateja wengi walikuwa wageni wa nje wanaoandika Kiingereza, na kwa Kiingereza 10:00 ni 10:00. Nikamwambia kijana aliyekuwa akinijibia simu kwamba sasa atakuja siku za Jumamosi tu. Niliacha kusoma meseji. Hapo ndipo nilipoharibu, na ndipo unapokwenda wewe.

Kikaja kikundi cha akina mama wa vikoba kutoka Korogwe, watu 34, wameweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo moja. Wameshona sare za vitenge. Wengine walikuwa hawajawahi kupanda chombo cha baharini. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, aliandika kwa Kiswahili safi akiuliza boti inaondoka saa ngapi. Kwenye jedwali maji yanakupwa 10:00, boti inatoka 9:00. Roboti ikamjibu kwa adabu zote: "Boti itaondoka Pangani saa tisa, na mtafika kisiwani saa kumi, wakati maji yamekupwa."

Kwa mwalimu yule, saa tisa ni saa tisa. Alasiri. Angeelewa nini kingine?

Mimi na manahodha wawili tulikuwa ufukweni Pangani tangu saa mbili asubuhi. Mafuta yamejazwa, mpishi ameshatia wali wa nazi jikoni, samaki wa kupaka wako tayari. Saa tatu hakuna gari. Nikapiga simu. Mwenyekiti akapokea kwa furaha, "Tunamalizia kufunga mizigo, mwanangu, kabla ya saa tisa tutakuwa hapo." Bado walikuwa Korogwe. Nilitakiwa kuwaambia pale pale wasitoke. Sikuthubutu. Nilisema njooni, nikijidanganya kwamba tutapata hata ukingo wa mchanga. Walipowasili na Coaster mbili ilikuwa imeshapita saa saba na nusu, maji yanapanda. Nahodha mzee alitazama bahari, akaniambia taratibu ili wasisikie, "Saa hizi pale juu ya fungu wanapita samaki changu."

Wanaotaka kucheka wacheke. Ila mtu aliyesimama mbele ya wanawake 34 waliovaa sare, wenye watoto mgongoni, akiwaeleza kwamba kisiwa walichokilipia kiko chini ya maji, huyo hachekwi mbele yangu.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia mwenyekiti kwamba aliyeandika vile ni mashine, mimi sikuhusika. Akafungua simu, akanionyesha jina langu na namba yangu juu ya mazungumzo. Akasema, "Mimi sikuongea na mashine. Nimeongea na namba yako." Kisha akanionyesha meseji nyingine ambayo sikuwa nimeiona kabisa: roboti ilimwahidi kwamba safari isipofanyika watarudishiwa pesa zote ndani ya siku moja. Sharti hilo silo langu na halipo popote kwenye orodha niliyoipa. Ilijitungia. Nikarudisha shilingi 45,000 kwa kila mtu, jumla 1,530,000. Boti mbili na mafuta 500,000, kwa sababu manahodha walishapoteza siku. Chakula 408,000, walikula, na sikuwadai hata senti. Niliwaomba walale tuwapeleke kesho yake, lakini wengine walikuwa na ibada na mmoja ana msiba. Ni 2,438,000 kwa siku moja. Na Korogwe sijapata mteja mpaka leo, maana vikoba vinajuana.

Yule mwalimu alisema kwa akili yake kile ambacho baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua Februari 2024. Roboti kwenye tovuti ya Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba anaweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba baada ya kusafiri. Masharti ya shirika hayakuwa hivyo. Shirika likajitetea kwamba roboti inawajibika kwa maneno yake yenyewe, utetezi ule ule niliouleta mimi Pangani. Baraza likaukataa, likaamuru alipwe takriban dola 812 za Kanada. Shirika la ndege lenye mawakili wake limeshindwa kumsukumia mashine kosa. Wewe na vyumba sita utaanzia wapi?

Nilimpigia muuzaji jioni ile ile. Hakusema pole. Alisema ni "changamoto ndogo ya maelekezo" na kwamba kwa 150,000 ataongeza mstari wa kuifundisha roboti saa za Kiswahili. Nililipa, maana nilikuwa nimechanganyikiwa. Wiki mbili baadaye ikamwandikia mteja wa Muheza aje "saa nane asubuhi". Hakuna saa nane asubuhi, jamani! Watu hawa wanatembea na semina mji hadi mji, hawajawahi kuiuliza mashine yao boti inaondoka lini, na wanachukua pesa ya mtu anayehesabu noti za mafuta. Sina neno jingine kwao. Ni wizi unaovaa tai.

Nikakaa nikasoma mazungumzo yote ya nyuma, moja moja. Majibu ya Kiswahili yenye saa ndani yalikuwa 11. Saba yalikuwa sahihi, manne yamepinda. Hilo ndilo lililonitisha kuliko hata hasara. Ingekuwa inakosea kila mara ningeigundua siku ya kwanza. Inapatia, inapatia, halafu inakuzamisha, na sauti yake ni ile ile ya upole.

Sababu yake inaeleweka. Mashine hizi hazina saa ukutani wala hazijui jua limechomoza. Zinakisia neno linalofuata kutokana na maandishi zilizolishwa, na maandishi hayo kwa wingi si ya kwetu. Kwa GPT-3, mashine ya mwaka 2020 iliyoitangulia ChatGPT, karibu asilimia 93 ya maneno iliyofunzwa yalikuwa ya Kiingereza. Za sasa zimeongezewa Kiswahili na zinaongea vizuri mno, na uzuri huo ndio unaotudanganya. Inaona 10:00, inatafsiri tarakimu, inaandika saa kumi. Ukiiongezea maelekezo umeipa dokezo. Hujaifunga kufuli.

Na kwako wewe wa nyumba ya wageni ni pabaya zaidi. Mgeni anaandika "tutafika usiku wa kuamkia Jumapili". Huo ni usiku wa Jumamosi. Roboti ikiandika Jumapili, chumba umempa mwingine na familia iko mlangoni na mabegi. Anaandika "saa moja usiku", "kesho kutwa", au mzee wa pwani anakuandikia "mtondo", yaani siku inayofuata kesho kutwa. Jaribu kuona itakachofanya.

Kanuni yangu ni hii, na ningeweza ningeiandika kwa wino mwekundu: saa na pesa haziandikwi na mashine. Saa, tarehe, bei, ahadi ya kurudisha pesa, uthibitisho wa malipo. Hivyo vitano vinaandikwa na mtu mwenye jina. Vilivyobaki iachie: njia ya kufika, kama kuna maji ya moto, kama watoto wanaruhusiwa, tafsiri ya swali la Mjerumani. Mimi roboti bado ninayo. Inaandaa rasimu, kijana wangu anasoma, anaweka saa kwa mkono wake na kuongeza neno la kuzuia utata: "saa tatu kamili ASUBUHI, baada ya chai". Kisha anapiga simu siku moja kabla, sauti kwa sauti. Simu ya dakika mbili ingeniokolea ile 2,438,000.

Ndiyo maana hilo la kumuaga binti wa mapokezi limeniuma kuliko yote uliyoandika. Naona mijadala ya akili mnemba kuchukua kazi za watu, na wauzaji wanapenda kutaja makubwa. Basi wataje yote. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza Februari 2024 kwamba roboti yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka 2025 mkuu wake mwenyewe akakiri kwamba ubora ulishuka, wakaanza tena kuajiri binadamu wa kuhudumia wateja. Wao walikuwa na akiba ya kukosea. Binti yako anawajua wageni wako kwa sauti, anajua nani husema anakuja na haji. Mpe roboti imsaidie, mshahara wake usiuguse.

Hiyo ya roboti kupokea malipo yenyewe ndiyo usiikaribie kabisa. Mtu anatuma picha ya meseji ya M-Pesa aliyoitengeneza sebuleni kwake, roboti inasema "asante, malipo yamepokelewa". Aangalie salio mtu. Na nakala za vitambulisho vya wageni usizimwage humo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mwenye kuulizwa ni wewe mwenye biashara.

Fanya hivi leo. Mwombe huyo kijana anayekuuzia namba ya majaribio. Iandikie kwa Kiswahili chako cha kila siku, usikipambe: "Maji yanakupwa 10:00, boti inatoka saa moja kabla, tuje saa ngapi? Na tukichelewa pesa inarudi?" Iulize hivyo mara ishirini, kwa maneno tofauti, mchana na usiku. Halafu weka majibu yote ishirini hapa hapa kwenye uzi, tuyasome pamoja kabla hujafungua M-Pesa.