Kabla hujanunua "jino la dinosaria" mwaloni

Mwaka jana nilipigwa 40,000 mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga. Kijana alinifunulia kitambaa, ndani jino la kahawia refu kama kidole gumba, akaniapia ni la mamba wa enzi za dinosaria, tena limechimbwa hapahapa Mwanza. Nikalipa bila hata kuomba apunguze. Nyumbani mjomba wangu, mvuvi mstaafu, alilipima kiganjani akacheka: "Mjomba, huyu mamba hata mwaka hajamaliza tangu afe."

Aibu yenyewe ni kwamba jibu nilikuwa nimelikalia. Mawe yetu haya, kuanzia jiwe la Bismarck hadi vilima vya Bugando, ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2, iliyoganda kutoka uji wa moto wakati hakuna mnyama hata mmoja duniani. Jino lingeingiaje humo? Ziwa nalo ni toto: halijafikisha miaka milioni 1, na dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe) vya enzi hizo nchini utavisikia Tendaguru kule Lindi, au bonde la Rukwa, alikopatikana Pakasuchus, ndugu wa mamba mwenye ukubwa wa paka (ndiyo, jina limetoka kwenye paka wetu huyuhuyu, mwaka 2010). Meno yake ya nyuma yalikuwa ya kutafunia, kama magego. Lile jitu Deinosuchus, la mita 10 hivi, lilikuwa la Amerika Kaskazini.

Ukiletewa jino, lishike kwanza. Kisukuku ni kizito na cha baridi kama jiwe, na tundu la shinani mara nyingi limejaa mwamba. Rangi usiiamini, langu nililoweka kwenye maji, yakatoka chai ya rangi. Kisha gusa na sindano ya moto: jino bichi hunuka nywele zilizoungua, la plastiki hunuka plastiki, kisukuku hakinuki kitu. Na ukiona limebapa, kingo zina msumeno, hilo huenda ni la dinosaria mla nyama. La mamba kwa kawaida ni la mviringo, limechongoka.

Sasa balaa. Likiwa bichi, ni nyara ya serikali. Likiwa la kale kweli, liko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Yaani ukitapeliwa una kesi, usipotapeliwa una kesi.

Langu nililipeleka mwenyewe kwa watu wa wanyamapori, nimelifunga kwenye gazeti, jasho linanitoka. Afisa akalitazama, akanitazama.

"Na mamba mwenyewe yuko wapi?"