Uza kwa kalenda ya mwezi: kwa anayeanza biashara ya kijamii kanda ya ziwa

Kila mwaka naona sura mpya. Wengine wametoka chuo kikuu cha SAUT hapa hapa Malimbe, Mwanza, wengine wamepanda basi kutoka Dar es Salaam au Arusha, na kila mmoja ana wazo lake la biashara ya kutatua tatizo la watu: taa ya sola ya wavuvi, mashine ya kukaushia dagaa, mkaa mbadala, mbolea ya taka za sokoni. Mawazo mengi ni mazuri. Yanayofika mwaka wa tatu ni machache, na mara nyingi ubovu wa mashine si sababu. Nimefanya kazi na kampuni za aina hii upande wa mauzo na ufuatiliaji wa wateja, kwa hiyo nitasema ya upande huo. Wahandisi wana yao.

Kabla ya yote, jua pesa ya mteja wako inaingia siku gani.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku, kwa taa. Mwanga unawavuta juu, wanakusanyika, nyavu inazungushwa. Hilo linawezekana wakati wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo au unachelewa kuchomoza. Mbalamwezi ikikolea, taa haina kazi. Boti zinapandishwa mchangani, vijana wanashona nyavu, wengine wanakwenda kwao kusalimia wazee. Basi pesa yote ya mwaloni, pale ufukweni boti zinaposhusha samaki, ya tajiri mwenye boti, ya nahodha, ya mama anayeanika, ya anayebeba ndoo, ya mama lishe, hata ya kinyozi, inapanda na kushuka na mwezi wa angani. Kalenda ya ukutani haihusiki.

Sasa inakuja kampuni na mkataba wake uliochapwa vizuri: marejesho kila tarehe 30. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo giza halikai tarehe moja, linasogea mwaka mzima. Kuna miezi tarehe 30 itaangukia katikati ya mbalamwezi na mteja hana hata nauli ya kufika mjini. Anapokea ujumbe wa deni, taa inafungwa kwa simu kutoka ofisini, na afisa mikopo anaandika kwenye fomu kwamba mteja ni msumbufu. Si msumbufu. Wiki mbili nyuma alikuwa na noti mkononi na hakuna aliyemfuata.

Ndiyo maana mimi ni mtetezi wa malipo ya kila usiku wa kazi. Taa inakodishwa jioni, inarudishwa asubuhi kituoni kuchajiwa, na usiku ambao boti haikuingia ziwani haulipiwi. Au kama unauza kwa mkopo, rejesho lipangwe kwa giza: sehemu kubwa kwenye usiku wa mavuno, sifuri kwenye mbalamwezi. Mhasibu wako atalalamika kwamba mapato yana mashimo. Mweleze kwamba mashimo yapo tu, mkataba wa tarehe 30 unayaficha mpaka yanakuwa madeni mabaya. Wewe tafuta mtaji wa kukuvusha siku hizo, na uzitumie kwa kazi zinazokubalika: kukusanya taa, kubadilisha betri, kuzunguka kwa wateja, kufanya mafunzo. Ukiitisha semina wakati wa giza utakaa wewe, soda zako na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwaloni.

Kalenda ya pili ni ya mvua. Masika yanaanza Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na kati ya Juni na Septemba jua linawaka vizuri. Anayezindua mashine ya kukaushia mwezi wa saba atapigiwa makofi na asiuze hata moja, maana jua la bure linamaliza kazi kwa siku moja. Mashine hiyo hiyo mwezi wa nne inashindana na kitu kingine kabisa: dagaa waliolowa, wameanza kunuka, wanakwenda kutupwa au kuuzwa bei ya chakula cha kuku.

Tukiwa hapo hapo kwenye dagaa, nikueleze kuhusu vichanja, kwa sababu vina somo ambalo utalikuta kila mahali.

Kichanja ni nguzo za miti zenye kimo cha kiuno, juu yake umetandazwa wavu. Dagaa wanamwagwa wabichi, upepo unapita chini na juu, wanakauka haraka, na hakuna mchanga wala kinyesi cha ndege. Dagaa wa mchangani ukiwatafuna unasikia chenga kwenye meno. Maofisa uvuvi wamevihubiri vichanja miaka mingi, miradi imevijenga, na bado ukifika kwenye mialo mingi utaona dagaa wametandazwa chini kwenye mchanga. Mgeni akiona hivyo anaandika kwamba kina mama wanahitaji elimu.

Muulize mama mwenyewe. Kwanza ufukwe si wake. Leo anaanika hapa, kesho anaambiwa asogee, kwa nini ajenge? Pili, nguzo zikilala peke yake zinaamka kuni. Tatu, na hili ndilo zito: akipeleka gunia lake safi soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mnunuzi analichanganya na la mchangani na kulipa bei ile ile. Anajua faida ya kichanja kuliko wewe. Ameshapiga hesabu na imekataa.

Kwa hiyo kinachokosekana pale si kichanja cha kisasa cha bomba za alumini. Anakosekana mnunuzi anayelipa bei mbili tofauti kwa dagaa wa aina mbili, na akalipa palepale. Ukimpata mwenye duka la rejareja, shule, au mfanyabiashara anayepeleka mzigo Kongo, Rwanda au Burundi, akakubali kuongeza kitu kwa kila kilo ya dagaa wasio na mchanga, vichanja vitaota vyenyewe bila semina. Ubunifu mwingi unaofanya kazi huku uko kwenye masharti ya biashara: nani analipa, lini, kwa kipimo gani. Kampuni changa zinaogopa kusema hivyo kwa wafadhili kwa sababu bei mbili za dagaa hazipendezi kwenye picha.

Siku moja tukiwa kisiwani, mhandisi wetu kijana alimaliza kueleza kikaushio chake: paneli, feni, joto ndani linafika ngapi. Mama mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa mwanangu. Hii inalala wapi?" Ilikuwa kubwa kama kibanda, na paneli ya sola mwaloni haikai nje usiku mbili. Hakukuwa na jibu siku ile. Toleo lililofuata lilikuwa la kukunjwa.

Kwa taa nako wavuvi wana swali lao moja. Karabai, taa ya kupampu, inakula lita ya mafuta ya taa na zaidi kwa usiku, inaunguza mikono, ikidondoka ziwani mafuta yanabaki majini. Wewe utaanza na mazingira. Mvuvi atakuuliza: inafika alfajiri? Taa yako ikififia saa tisa usiku nyavu haijavutwa, kundi lote linatawanyika, na hasara ya usiku ule ni yake. Karabai anaijua, anaipampu, anabadilisha utambi, kazi inaendelea. Ya kwako ikizima hana la kufanya. Kwa hiyo ijaribu kwenye wimbi, ikigongwa na ubavu wa boti, ikinyeshewa, na mtu mwenye mikono yenye maji akiiwasha. Nenda naye usiku ukaone. Vaa jaketi la kujiokolea, na kama boti haina, usipande, hata wakikucheka. Ziwa hili baada ya saa sita usiku linaweza kubadilika kwa muda mfupi sana.

Neno kuhusu taka. Utasoma kwamba Mwanza ina taka nyingi za samaki zinazosubiri ubunifu. Zunguka kwanza. Sangara akiingia kiwandani minofu inakwenda nje, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yanauzwa bei kubwa kuliko nyama yenyewe na kusafirishwa Asia, na mifupa yenye nyama kidogo, mapanki, ina wachuuzi wake, wakaangaji wake na walaji wake. Ukija na mashine ya kusaga mapanki kuwa chakula cha kuku, na ripoti inasema unaokoa taka, jua kwamba kuna mama umemwondolea mtaji na kuna nyumba umeiondolea kitoweo. Pengine hesabu ya jumla bado ni nzuri, lakini iandike yote.

Pumba za mpunga ni hivyo hivyo. Unakuta mashineni zimerundikana, mwenye mashine anakubembeleza uzoe. Unaanza kutengeneza mkaa mbadala, anakuona unapakia gari la tatu, na wiki inayofuata zina bei. Wachoma matofali nao wanazitaka. Andikishana naye mapema, kwa bei ndogo inayojulikana, kabla gari la kwanza halijaondoka. Na huo mkaa wako mpe mama lishe wa Igogo auchemshie maharage. Atakuambia mambo matatu: unawaka haraka au unachelewa, una moshi au hauna, unafika maharage yanapoiva au unakufa katikati. Serikali ina mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na hilo litakufungulia milango ya ofisi. Jiko la mama lishe halifunguliwi na mkakati.

Gugumaji nitalipitia haraka. Kila anayefika anataka kutengeneza kitu kwa gugumaji, na si ajabu, limetusumbua tangu miaka ya 1990. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo unalipa gari kubeba maji, na upepo ukigeuka malighafi yako inahamia ghuba nyingine. Vikapu na viti vidogo, ndiyo. Kiwanda kinachohitaji tani kila siku, fikiri mara mbili. Tena jiulize utafanya nini siku wale wadudu waliowekwa kulidhibiti wakifanya kazi yao sawasawa.

Umeme visiwani una hesabu ya namna yake. Kisiwa cha Ukara kilipata gridi ndogo ya umeme wa jua mwaka 2016, na wengi waliokuja baadaye walijifunza kuanzia pale. Nyumba ya balbu mbili na simu moja haiwezi kulipa gharama za mitambo. Mteja wa kukubeba ni mwenye mashine ya kusaga, mwenye friji za samaki, mchomeleaji. Kama hayupo, itabidi umkopeshe mashine kabla ya kumuuzia umeme.

Karatasi hazina mjadala mrefu. Amua mapema: kampuni inasajiliwa BRELA, shirika lisilo la kiserikali kwa Msajili wa NGOs. Usijaribu kuwa vyote viwili kwa daftari moja, TRA na mfadhili hawaulizi maswali yanayofanana. Kama unatengeneza chakula, anza habari za TBS siku ya kwanza na upitie SIDO, wanasaidia wadogo. Kwa vifungashio kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 2019. Na vijana wenzako wakiwa kikundi, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Inahitaji uvumilivu, lakini ni mkopo usio na riba.

Kwenye takwimu, utaombwa idadi ya watu uliowafikia. Toa, ndiyo masharti. Pembeni weka daftari lako la waliorudi kununua mara ya pili bila kupigiwa simu. Nimeona mradi wenye maelfu ya "waliofikiwa" ambao wateja wa kurudi wangetosha kwenye daladala moja, na nimeona kinyume chake, kampuni ndogo ya watu wanne ambayo wateja walikuwa wanaitafuta kwa bodaboda. Andika pia sababu za walioacha, kwa maneno yao wenyewe, si kwa kuweka tiki kwenye kisanduku.

Jambo jingine, fundi. Hapa ndipo kampuni nyingi za kijamii zinajiharibia jina. Kifaa kikiharibika visiwani, Kome au Ukerewe, kukisafirisha hadi Mwanza mjini ni kivuko, siku mbili na nauli, na mvuvi hatasubiri. Atarudi kwenye karabai na kuwaambia wenzake kwa nini. Tafuta kijana anayetengeneza redio na simu palepale mwaloni. Mfundishe, mwachie vipuri, mlipe kwa kila kazi. Wataalamu wa ofisini hawapendi kifaa chao kufunguliwa na mtu asiye na cheti. Kitafunguliwa tu, kwa hiyo heri kifunguliwe na aliyefundishwa.

Wengi wenu hamtaanzisha, mtaajiriwa na hizi kampuni, na ni njia nzuri ya kujifunza kwa pesa ya mtu mwingine. Ukiitwa usaili wakakuuliza kama una swali, usiseme huna. Uliza wateja wangapi wamenunua mara ya pili. Uliza kifaa kikiharibika kisiwani nani anakwenda, na kwa nauli ya nani. Uliza mshahara wako utatoka kwenye mauzo au kwenye ruzuku, na kama ni ruzuku, inaisha mwezi gani.