Pima kiganja chako kwanza, meneja baadaye

Kwa miaka 6 mimi ndiye niliyekuwa natia hamira kwenye donge la kwanza, saa tisa usiku, kila siku ya Mungu. Bekari yangu iko Morogoro, ndogo tu, na wakati huo tulikuwa watu watano pamoja na mimi. Niliamini kabisa kwamba mkono wangu ndio siri ya mkate wetu.

Kisha mama akaugua ghafla, nikaenda Tanga. Siku ya kwanza, nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodini, nilipigiwa simu 14 kutoka bekari. Hamira viganja vingapi leo? Muuza unga anataka hela yake, tumpe? Duka la karibu na stendi limerudisha mikate minane, tuipokee? Mama akanigeukia kitandani: "Mwanangu, huko kazini hakuna mtu mwingine?" Watu walikuwepo, tena wazuri. Ila kila walichohitaji kukijua nilikuwa nimekifungia kichwani mwangu.

Niliporudi nilinunua mzani mdogo wa jikoni, nikachota hamira kama nilivyozoea, kiganja baada ya kiganja. Cha kwanza kilisoma gramu 38. Cha pili 51. Cha tatu 44. Nikaelewa kwa nini siku moja mkate ulikuwa unaumuka vizuri na kesho yake unazama katikati, huku mimi nikiwalaumu vijana wa oveni. Niliwaomba radhi siku hiyohiyo.

Tukakaa jioni mbili kuandika. Unga kilo 25, hamira gramu 250, chumvi gramu 450, maji lita 14 kwanza, halafu unaongeza kidogo kidogo huku unaliangalia donge. Juni na Julai, baridi ikishuka kutoka Uluguru, donge linaachwa liumuke muda mrefu zaidi. Karatasi tukaivika nailoni, tukaibandika juu ya meza ya kukandia. Aliyeiandika kwa mkono wake ni dada anayekanda. Hilo nalisisitiza, maana karatasi iliyoandikwa na bosi husomwa siku ya kwanza tu.

Kwenye hela ndipo wengi tunapokwama. Usimwachie mtu droo wazi ukasema unamwamini. Weka utaratibu unaomlinda yeye na wewe. Wateja wa jumla sasa wanalipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, si kwenye simu yangu wala ya bodaboda. Kreti zinahesabiwa zikitoka na zikirudi, wanasaini wawili. Msimamizi ana ruhusa ya kutumia hadi shilingi 50,000 kwa siku bila kuniuliza, mradi risiti iwepo. Kiwango hicho nilikipata kwa kupitia daftari la miezi mitatu: karibu kila simu ya "tufanyeje" ilihusu matumizi yaliyo chini ya hapo.

Msimamizi mwenyewe si ndugu yangu. Shemeji aliitaka nafasi ile, na nyumbani haikuwa rahisi. Nilimteua yule dada wa kukanda kwa sababu moja: donge likiharibika, alikuwa anasema mwenyewe kabla sijaliona. Mtu wa namna hiyo unaweza kumkabidhi funguo.

Nilianza kwa kukosekana siku moja kwa wiki, kisha mbili, simu nimeizima hadi saa nne asubuhi. Wiki ya tatu wakasahau chumvi kwenye donge zima. Hasara iliniuma sana, na kesho yake nilitamani nirudi kukanda mwenyewe. Nilijizuia, nikawauliza tu kosa lilipitia wapi. Jibu wakalitoa wao: chumvi ipimwe jioni, bakuli likae juu ya mfuko wa unga, ili mtu asiweze kufungua mfuko bila kulishika. Halijatokea tena.

Asubuhi nilizozipata nilizipeleka kwenye kazi zilizokuwa zinanisubiri. Nilikwenda SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, kuanza mchakato wa nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, jambo nililoliahirisha miaka mitatu kwa kukosa muda. Nikapita maduka yaliyo jirani na vyuo vya Sokoine na Mzumbe, nikakaa na wauzaji. Wakaniambia wanafunzi wanaulizia skonzi za kununua mojamoja, kwa sababu mkate mzima unamharibikia mtu anayekaa peke yake. Miaka yote niliyoinamia donge sikuwahi kulisikia hilo. Leo skonzi ndizo zinazolipia oveni ya pili.

Kama unataka kuanza, wiki hii shika daftari uandike kila swali unaloulizwa kazini na jibu ulilotoa. Lililojirudia mara tatu, mwite anayeuliza sana, mliandike jibu pamoja, libandikwe pale kazi inapofanyikia. Kisha usilijibu tena kwa simu.

Mama alipona. Mwezi uliopita nilikaa naye Tanga siku tisa. Simu kutoka bekari ilikuja moja, siku ya tano: dada alikuwa ananijulisha kwamba bei ya unga imeshuka, na ameshachukua mifuko kumi.