Wadogo zangu mnaoanza kufunga AC, mashine ya nje ndo kazi yenyewe

Mdogo wangu uliyeingia kwenye kazi hii ya kufunga AC majumbani, nikuambie mapema, wengi wakianza akili yote inaenda kwenye mashine ya ndani kwa sababu ndo mteja anaiona, ile ya nje wanaipachika popote penye nafasi, halafu baadae simu zinaanza, oh haipoozi, oh inazima yenyewe.

Ile ya nje kazi yake ni kutupa joto. Sasa ukiibana kwenye kona au kwenye kibaraza kilichozibwa, hewa ya moto iliyotoka inazunguka inavutwa tena, presha inapanda, kompresa inateseka na umeme unaliwa bure. Nafasi ya kuacha pembeni imeandikwa kwenye kitabu cha mashine, kisome jamani, na ule upande wenye vali uache spana iweze kuingia. Breketi zikae kwenye ukuta imara, weka pima maji, chini ya miguu weka raba mtetemo usihamie ukutani ukawanyima watu usingizi.

Bomba la kopa ukishalikata, wakati unakwangua makali elekeza mdomo chini ili chenga zisiingie ndani. Nati inaingia kwanza ndo unapanua mdomo. Na kabla ya kulipitisha kwenye tundu la ukuta ziba mdomo kwa tepu, vumbi likishaingia humo limeingia.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Kuna mtindo wa kufungua gesi kidogo ili isukume hewa nje, hapo fundi anajiona kamaliza. Usifanye hivyo. Unyevu unabaki ndani, na mafuta ya mashine zinazotumia gesi ya R410A na R32 yananyonya unyevu haraka sana, inatengenezwa tindikali inayokula kompresa taratibu, tena R32 inashika moto, unaimwagaje hovyo? Anza kupima presha kwa naitrojeni, pakaa povu la sabuni kila kwenye nati, na oksijeni usithubutu kabisa, ikikutana na mafuta inalipuka na watu wanakufa. Ukiridhika toa naitrojeni, washa pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu kwenye bomba, vali za mashine zikiwa bado zimefungwa, presha ya ndani ya bomba ishuke mpaka maikroni 500 (maikroni ni kipimo cha vakyumu) au chini ya hapo, na tumia geji ya maikroni kwa sababu zile geji za kawaida hazina uwezo wa kuonyesha hiyo. Funga njia ya kwenda kwenye pampu, zima pampu, subiri uone geji. Ikipanda bila kusimama una uvujaji, ikipanda kidogo ikatulia mara nyingi ni unyevu, endelea kuvuta, mteja akikuharakisha mweleze kwa heshima lakini pampu usizime.

Ndo ufungue vali. Gesi ya kuongeza inategemea urefu wa bomba, kitabu kinasema gramu ngapi kwa kila mita iliyozidi, na hizo gramu unazipima kwa mizani.