Ukurasa wa madeni unaokawia kufunguka

Ndugu yangu wa Kadutu, hapa Bukavu, umeuliza kwa nini ukurasa wa madeni ya duka la mama ulifunguka mara moja yalipokuwa 10, na sasa yamefika 300 unakawia. Unataka kuacha ORM ya Django, yaani sehemu inayogeuza msimbo wako wa Python kuwa maombi kwa hifadhidata, uandike SQL, lugha ya hifadhidata yenyewe, kwa mkono. Usiiache, tafadhali, umeshafanya kazi nzuri.

Shida iko kwenye kitanzi chako (loop) kinachopitia deni moja moja. Deni.objects.all() inaleta madeni yote kwa ombi moja, sawa. Lakini kila unapoandika deni.mteja.jina, ORM inarudi kwenye hifadhidata kumtafuta mteja huyo peke yake. Madeni 300, maombi 301! Andika Deni.objects.select_related("mteja") na yote yatakuja kwa ombi moja lenye JOIN, yaani linalounganisha jedwali la madeni na la wateja. Ukianzia upande wa pili, yaani mteja na madeni yake yote, tumia prefetch_related. Hapo maombi yanakuwa mawili. Ukiwa na DEBUG = True kwenye mipangilio ya Django, hesabu maombi mwenyewe kwa len(connection.queries), kabla na baada.

Kuhusu hifadhidata yenyewe, SQLite kwa duka moja inatosha kabisa.

Kuna jambo limenitia wasiwasi zaidi: kiasi cha deni umekiweka kwenye FloatField, aina ya safu inayohifadhi desimali kwa kukadiria. Kwa Python, 0.1 + 0.2 haitoi 0.3 kamili. Badilisha iwe DecimalField, inayohifadhi desimali kamili, na uongeze safu ya aina ya pesa, maana Bukavu mtu anakopa kwa dola na kulipa kwa faranga. Fanya hivyo leo, kabla mama hajadai mtu kiasi kisicho chake.